Kofi Nyuma ya Pazia

"Babu yangu alikufaje?" mgeni Mtaliana aliuliza, kwa Kiarabu cha kitabuni. Alikuwa akiandika habari za kikosi cha babu yake.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimekaa eda ya mume wangu, hapa kwetu Ibra, mji wa Waarabu. Sisi tumelelewa kuwa sauti ya mwenye eda haisikiwi na mwanamme asiye maharimu, yaani anayeweza kumuoa.

Mwanangu Suud, mpenda sifa, akajitutumua. "Vitani. Babu yangu alimuua, akamnyang'anya hii."

Akampa chupa ya bati ya kubebea maji, iliyochorwa nambari ya kikosi. Mgeni akaipitishia kidole nambari ile, polepole, kama anayepapasa kovu.

Wallahi uongo! Baba mkwe wangu, huyo babu yake Suud, alikuwa mlinzi wa mateka wa vita wa Kitaliana kule Kenya. Babu wa mgeni alikufa kwa homa, kichwa pajani pake, na chupa alimpa mwenyewe. Marehemu mume wangu alinisimulia mimi tu.

Nikapiga kofi, kama mwanamke anavyomzindua imamu aliyekosea kwenye sala.

"Mama huyo, anaua mbu," Suud akacheka.

Mgeni akainuka bila ya kuaga.

"Ya Rabbi nisamehe," nikasema, nikalifungua pazia. "Mgeni wetu, rudi ukae kitako."