Mbio za Kutafuta Pa Kukaa

Nikodemo alitoka nyumbani kwake kupitia dirishani, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaanza kukimbia. Jua lilikuwa bado halijachomoza. Mlango alikuwa nao, tena mzuri, wa mbao za mninga. Tatizo ni kwamba ulitazamana na mlango wa mama mkwe wake.

Kabla ya Operesheni Vijiji, mkwe huyo, Mama Bhoke, aliishi ng'ambo ya mlima, kwa heshima zote. Kisha watu wa Nyarero wakahamishiwa kwenye mistari iliyonyooka, viwanja vikagawiwa kwa kura, na kura, isiyojua mila za mtu, ikawaweka mkwe na mama mkwe uso kwa uso. Kwa Wakurya hilo ni balaa. Wawili hao hawatazamani, hawali pamoja, na wakikaribiana njiani lazima njia iachwe. Nikodemo akaenda kulalamika kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Ndugu, ujamaa ni kuishi pamoja," mwenyekiti akamjibu. "Wewe unataka kuishi na nani, nyani?"

Basi Nikodemo akawa mtu wa kuchungulia. Alikula amejifungia ndani. Kwenda chooni ilikuwa safari ya kupangwa. Miezi ikapita hajakaa kibarazani kwake hata mara moja, akanyoosha miguu kama mwenye nyumba. Jambo hilo lilimtia huzuni ya kweli.

Ndipo ikaja habari ya marathoni ya kuishia Tarime mjini. Mshindi angechukuliwa kambi ya mkoa, Musoma, mwaka mzima: kitanda, uji, na hakuna ukwe. Nikodemo hakuwahi kukimbia zaidi ya kufukuza ndama, lakini siku hiyohiyo alimfuata Mwalimu Selestine, mgeni kutoka Issenye aliyekuwa ndiyo kwanza ameletwa shuleni kufundisha michezo.

Walifanya mazoezi alfajiri, Nikodemo mbele pekupeku, mwalimu nyuma kwa baiskeli. Mwanzo ulikuwa mwepesi. Baada ya mto miguu ikawa mizito, na kwenye mlima kifua kikawaka moto.

"Mwalimu, nakufa."

"Usife hapa, mura, kijana wewe. Nani atakubeba mlima huu? Kaza! Fikiria kitu unachokitaka!"

Nikodemo akafikiria benchi. Benchi tupu, huko Musoma, yeye amekaa katikati. Miguu ikasogea kidogo, ikagoma tena. Akainama, akashika magoti, akawa tayari kulala barabarani.

Alipoinua macho, akaona kwenye kona ya mbele khanga ya kijani anayoijua, na jembe begani. Mama Bhoke! Mbali hivi, saa hizi! Uchovu wote ukamtoka. Akaruka mtaro, akapita katikati ya shamba la ulezi, akazunguka kilima upande wa miiba, akatokea tena barabarani akiwa anakimbia kwa kasi kuliko alivyoanza.

"Umeona?" Mwalimu Selestine akapiga kengele ya baiskeli kwa furaha. "Hiyo ndiyo pumzi ya pili! Mafundisho yangu hayo!"

Tangu siku hiyo ikawa vivyo hivyo. Akibadilisha njia, yule mama yumo. Akielekea mtoni, khanga ya kijani inatumbukia kwenye mahindi. Akielekea mnadani, jembe linapotelea vichakani.

"Mama yako ananiwinda," akamlalamikia mkewe, Bhoke.

"Mama? Maskini, Baba Rhobi, hata kuinuka anainuka kwa shida. Jana ameniomba mafuta ya kuchua mapaja."

"Ni kulima huko. Kila siku na jembe."

"Labda. Ila shamba lake lina magugu hadi kiunoni."

Nikodemo hakuwa na nafasi ya kufikiria magugu. Mwalimu alikuwa amemtia hofu nyingine.

"Usibweteke, mura. Ninaye mwanariadha wa pili. Hataki ajulikane, anajifua peke yake, na halii ovyo kama wewe. Mlima ule anaupanda akiimba."

Usingizi ukampaa. Kumbe kuna mtu anataka benchi lake! Kesho yake akaupanda mlima mara mbili, akatapika, akaupanda tena.

Siku ya mashindano, kilima cha mwisho cha kuingia Tarime mjini kilimshika vibaya. Miguu ikagoma. Akatazama mbele: hakuna khanga. Akatazama nyuma: hakuna. Ikabidi amtengeneze mama mkwe kichwani mwake mwenyewe: anakuja, amefika, pumzi yake iko kisogoni. Nikodemo akapiga ukelele, akawapita waliokuwa mbele yake wote, akakata utepe na kuanguka.

Alilia machozi bila aibu. Yule mtu wa siri wa mwalimu alikuwa ameachwa huko nyuma, na benchi lilikuwa lake.

Landrova ya kwenda Musoma ilikuwa imeshawashwa. Nikodemo akapanda nyuma, akakaa, akanyoosha miguu yote miwili juu ya kiti cha pili, akafumba macho. Nje watu walipita na kupita. Hakuchungulia hata mmoja. Kelele za uwanjani zikapanda upya, wanawake nao walikuwa wanamaliza mbio zao, lakini yeye hakuinua kichwa. Alikuwa na furaha kiasi cha kuogopa kujitikisa.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

"Sogeza miguu, mura," akasema Mwalimu Selestine, akimpandisha mwanamke aliyekuwa amejifunika taulo kichwa kizima kwa jasho. "Mshindi wa wanawake. Ndiye yule niliyekuwa nakuambia."

Mlango ukafungwa kwa nje, na gari likaondoka. Yule mwanamke akakaa mkabala naye, magoti yakigusana, akashusha pumzi ndefu chini ya taulo.

"Afadhali, mwanangu," akasema. "Huko Musoma, Nikodemo mkwe wangu hatanifukuza tena kila njia."