Usingizi wa Trizah

Walubengo alimkanyaga fundi kifuani, akaukamata mkono wake wa kushoto na kuumulika kwa simu. Kidole gumba hakikuwepo.

"Ni wewe," alisema.

"Boss, ni msumeno ulinikata!" fundi huyo, Lusweti, alilia. "Mimi natengeneza viti tu hapa Kawangware. Uliza mtu yeyote!"

Walubengo hakuuliza mtu. Alimpiga rungu magotini, mbavuni, kisha mdomoni ili anyamaze. Majirani walipofungua milango, Lusweti alikuwa amelala kwenye vumbi la mbao akitema damu, na aliyempiga alikuwa ameshafika mtaa jirani wa Riruta.

Miezi saba Walubengo alikuwa akimsaka mtu aliyemchoma mkewe kisu. Trizah alichomwa tumboni, chumbani mwao mtaani Silanga, na madaktari wakalazimika kuukata karibu utumbo wote. Alichokumbuka, alisema, ni kwamba mtu huyo hakuwa na gumba la kushoto. Binti yao, Hope, alipelekwa kwa nyanyake Bungoma.

Tangu hapo Trizah alilishwa kwa mshipa. Kila jioni aliutoa mfuko wa chakula hicho kwenye friji ndogo ya msaada, ukiwa na maji meupe kama maziwa, akausubiri upungue baridi, kisha akauunganisha na mrija ulioingia kifuani. Mashine ilisukuma tone kwa tone, saa kumi na mbili, mpaka asubuhi.

Mwanzoni hakupata hata lepe la usingizi. Joan, nesi aliyemtembelea kila Jumanne, alimfundisha: inua kichwa kwa mito, bandika mrija usijikunje, weka ndoo karibu maana mkojo utakuamsha. Trizah alifuata yote. Bado kila kishindo cha viatu nje kilimkurupusha.

Halafu Jumanne moja Joan alimkuta uso umenawiri.

"Wewe! Umelala poa?"

"Kama mtoto. Tangu Baba Hope aanze kutoka usiku kumtafuta yule mtu."

Joan alimfinya bega. "Ukijua kuna mtu anakupigania, moyo unatulia."

Trizah aliinama, akaanza kuukunja mfuko mtupu.

Kila Walubengo aliporudi mikono mitupu, Trizah alimpa jambo jipya. Jaribu Kawangware, alimwambia safari hii. Yule mtu aliongea kama watu wa huko. Na Walubengo, akitoka kazi ya mjengo, alikula haraka, akachukua rungu na kwenda.

Usiku huo alirudi mapema. Shati lilikuwa limelowa damu.

"Nimempata," alisema.

"Nani?"

"Yeye! Hana gumba, vile ulisema. Fundi wa viti. Sidhani kama ataiona asubuhi."

Trizah aliketi ghafla. Mrija ukavutika, mashine ikaanza kulia.

"Ulimuuliza? Alisema nini?"

"Alisema ni msumeno. Ulitaka akubali?"

"Pengine ni kweli! Pengine ana watoto!"

"Unamhurumia?" Walubengo alimkazia macho. Kisha akalainika. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, kama Joan alivyoagiza, akaunyoosha mrija, akabonyeza kitufe. Mashine ikanyamaza. Akamfunika mkewe blanketi mpaka mabegani.

"Imeisha, Mama Hope. Sitatoka tena usiku. Nitakuwa nalala hapa kando yako."

Kutoka mfuko wa koti alitoa chupa ya pombe ya chang'aa, ya kwanza kuingia nyumbani humo tangu mkewe alazwe. Alisema leo anastahili. Aliinywa yote akiwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, kisha akajitupa, mkono wake mzito ukiangukia tumbo la Trizah, juu ya kovu.

Trizah hakuthubutu kuusogeza. Alimwazia fundi kule Kawangware, akauma blanketi asisikike akilia.

Hata siku ya kwanza wodini Walubengo alikuwa ananuka chang'aa hivyohivyo. Alimshika mkono, machozi yakimtoka, akamwomba amtajie aliyemchoma. Na Trizah, akimtazama usoni, ndipo akaelewa kwamba mumewe hakumbuki alichofanya.