Nywele za Kisogoni

Tusekile alipomwona Bwana Jotham akija, aliacha njia. Alijitosa katikati ya migomba na ndoo yake ya maji kichwani, akampa mgongo, akavuta kanga mpaka usoni, akasimama hapo akisubiri mwanaume apite.

"Habari za asubuhi, Tusekile!"

Tusekile akazidi kuvuta kanga. Bwana Jotham akajishika utosi. Sababu aliijua. Kila baya lililompata mwaka ule, kuanzia bei ya kahawa mpaka pancha, aliona limetoka utosini.

Alikuwa mgane wa miaka hamsini, mmoja wa wale walioota mapembe serikali iliporuhusu watu binafsi kununua kahawa. Mapembe yaliota, nywele ziligoma. Msimu uliopita Tusekile, binti wa Mzee Boazi wa Mpuguso, alikuwa akileta kahawa ya baba yake kwenye mizani, akicheka na kumtazama usoni bila wasiwasi. Hapo Bwana Jotham akaamua kwamba atamwoa. Hakumwambia mtu, hata binti mwenyewe. Mwenye pikapu aombe ruhusa ya nani?

Kisha ikaja Pasaka. Walipotoka kanisani upepo ukanyakua kofia yake mbele ya usharika mzima, na jua likapata pa kung'aa. Watu wakacheka, Tusekile akiwa mmoja wao. Bwana Jotham alikimbilia nyumbani kwake Ibighi, akajifungia chumbani na kioo.

Mchana mdogo wake, Ambindwile, akagonga.

"Kaka, Lusungu amekuja kutoka Mbeya. Mwanao ana jambo kubwa. Toka tuongee."

Jambo lenyewe Bwana Jotham alilijua. Siku hizi kila kijana alitaka mtaji wa kufungua duka Mwanjelwa.

"Ng'ombe si wapo zizini? Mpe! Wewe si baba yake mdogo? Malizeni wenyewe."

"Kweli tuendelee bila wewe, kaka?"

"Nimesema niacheni!"

Jioni zizi lilikuwa na nafasi, naye hakuuliza. Na tangu siku ile Tusekile hakumtazama tena. Ameuona upara, amechukia. Bwana Jotham hakuhitaji ushahidi mwingine.

Akaenda kwa Hasheem, mwenye duka la dawa mjini Tukuyu. Rafu zake, ambazo zamani zilikuwa na klorokwini na vumbi, sasa zilijaa vichupa vya kutoka Dubai.

"Njia ziko mbili, mzee wangu," alisema Hasheem. "Kuna dawa ya kupaka, asubuhi na jioni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tukuzike. Ukiacha, zinadondoka. Ya pili ni upasuaji, huko Afrika Kusini. Wanachimbua nywele za kisogoni, wanazipandikiza mbele. Lakini mzee, nani kakulalamikia?"

"Yupo anayenikimbia."

"Umemuuliza kwa nini?"

Bwana Jotham aliliona hilo swali la kijinga. Alichukua chupa akaondoka.

Dawa ilishindwa na Tukuyu. Alipaka asubuhi, na kabla ya saa nne mvua ilikuwa imeshaiteremsha mashavuni. Baada ya miezi michache utosi ulikuwa uleule, ila manyoya yalikuwa yamepanda mashavuni mpaka chini ya macho. Mtu mwenye akili angecheka, akanyoa, akaendelea na maisha. Bwana Jotham aliuza pikapu, akawaachia washindani wake kahawa yote ya msimu, akapanda ndege kwenda kuhamishwa nywele.

Alirudi na bendeji, akajifungia tena. Lusungu akaja kutoka Mbeya, akagonga mlango.

"Baba, ni lile jambo letu. Siku inakaribia, tunataka uwepo."

"Duka ni lako, lifungue mwenyewe!" alijibiwa kupitia tundu la ufunguo.

Hatimaye nywele zikachipua. Zilisimama vishada vishada, kwa mistari, na kati ya mstari na mstari ungeweza kupalilia. Kisogo kilibaki na makovu, lakini Bwana Jotham alijiambia kwamba hakuna mwanamke anayeposwa na kisogo.

Jumamosi moja akavaa suti na kofia, akaenda Mpuguso kwa miguu, maana pikapu ilikuwa kichwani. Mshenga hakumtafuta. Aliona kichwa kinatosha kujieleza.

Mzee Boazi alimpokea kwa mikono miwili.

"Ndaga, ndaga! Karibu sana! Tulidhani hutakuja kabisa."

Bwana Jotham akaiweka suti yake sawa. Kumbe alikuwa akisubiriwa! Lakini alipotaka kuingia ndani, Mzee Boazi alimzuia, akamkalisha kwenye kigoda barazani, kisha akapaza sauti kwa Kinyakyusa kuelekea jikoni. Mlango wa nyuma ukabamizwa. Tusekile akaonekana akikimbilia migombani, unga mikononi, kanga usoni.

Bwana Jotham akavua kofia haraka.

"Mwite basi anione! Sasa nina nywele!"

Mzee Boazi alizitazama zile nywele, mstari kwa mstari.

"Zimependeza, mzazi mwenzangu," alisema kwa upole. "Lakini binti yangu nimemlea Kinyakyusa. Tangu Pasaka ile mdogo wako alipotuletea ng'ombe wa kumposea Lusungu, hajamtazama baba mkwe wake hata siku moja."