Msuko wa Kwanza

Nyuzi za operesheni ya kifundo cha mkono zilishatolewa, na daktari alishasema aanze kazi ndogondogo. Basi Mwanaidi, msusi yule, angeanza na nini kama si kichwa cha binti yake Sauda? Mtaa mzima ulimjua kwa kukaza: ukitoka kwake, hata kope hazifungi!

Akamweka Sauda katikati ya magoti, akaanza twende kilioni, msuko rahisi kuliko yote.

“Aii, mama! Unaniua!”

“Tulia wewe, mwoga!” Mwanaidi akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Alipofika kisogoni akaachia. Msuko ukaanza kufumuka wenyewe, kidogo kidogo, kurudi utosini.

“Aii! Taratibu basi, mama,” Sauda akazidi kulalamika.

Mikono ya Mwanaidi ilikuwa imelala mapajani mwake.