Pumzi za Mama

Kompyuta ya nyumba ikijaa, mabomba ya maji yanafungwa mpaka kitu kifutwe. Ndiyo sheria. Na vinavyoanza kufutwa ni vya yule aliyesoma kidogo kuliko wote. Kwetu ni mimi, niliyeishia darasa la tano.

Asubuhi ile maji yalikatika mke wa kaka akiwa anamwogesha mtoto. Kaka Mkude akafungua folda yangu.

"Mwavita, hii sauti ya mtu anakoroma ni ya nini?"

"Ni mama," nikasema polepole. "Nilimrekodi akiwa amelala, kabla hajafa."

"Mama si tunazo picha zake? Mtoto povu linamwingia machoni, mdogo wangu!"

"Futa harusi yako. Umeiweka mara nne."

Sikuwahi kumjibu kaka hivyo. Alinikodolea macho, kisha akacheka. "Leo na wewe una mdomo! Harusi yangu haiguswi. Mimi nina diploma."

Akafuta folda nzima. Maji yakatoka, mtoto akaoshwa, wote wakafurahi. Mimi nikatoka nje.

Niliporudi nikauambia mlango kama kila siku, "Ni mimi, fungua." Haukufunguka. Sauti yangu, ambayo mlango hunitambua kwayo, ilikuwa kwenye folda ileile.

Nikagonga kwa ngumi.

"Nani huyo?" kaka akauliza kutoka ndani.

Kabla sijafungua mdomo, kompyuta ikamjibu: "Mgeni."

"Kaka, ni mimi!" nikaita, nikasubiri aikanushe kompyuta. Nikasikia tu maji yakimiminika.