Kisikizi cha Ubalozi

Siku hizi ubalozi hausomi vyeti wala barua. Ukiomba ufadhili wa kwenda kusoma kwao, wanakuletea kisikizi, kidude cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kinakaa jikoni siku thelathini kikisikiliza watu wa nyumbani wanakusemaje.

Zamaradi alikiweka juu ya kabati la vyombo. Kila jirani alipoingia akamsifu, mama yake, Bi Mwanakheri, alijibu kama mama yeyote anayeogopa kijicho. "Huyu? Mvivu huyu. Hata chai inamshinda." Zamaradi alicheka huku anakuna nazi. Alijua mama anamkinga.

Jibu lilikuja: amekataliwa kwa uvivu, na shahidi ni mzazi.

"Mashine haijui mambo yetu, mwanangu," mama alisema, wakalia pamoja. Zamaradi akamsamehe, akabaki nyumbani akimpikia na kumkanda miguu.

Baada ya miaka miwili mdogo wake, Ruzuna, naye akaomba. Kisikizi kikawekwa palepale. Asubuhi ya kwanza jirani alikuja kuazima kinu, akasema Ruzuna ana akili kweli. Zamaradi, mikono ndani ya povu la vyombo, akasubiri "mvivu huyu".

Bi Mwanakheri alikigeukia kisikizi, akakohoa kidogo. "Ruzuna ni hodari," alisema neno moja moja, kama mwalimu anayesomesha imla. "Popote mtakapompeleka, ataweza."

Kisha akamsogezea Zamaradi kikombe, akanong'ona, "Niongezee chai, mama. Hakuna anayeipika kama wewe."