Nyasi za Kivulini

Msumeno ulikuwa umeshaanza kunguruma, na Royce amesimama juu ya ngazi akilisogelea tawi la kwanza, Bi Verlene alipotokea barazani kwake na kikombe cha kahawa.

"Anzia lile nene," alisema. "Hayo madogo utayamalizia."

Royce akauzima msumeno. Tangu ahamie mtaa huu wa jiji la Mobile hakuwahi kusikia neno jema kutoka kwa jirani huyu. Ni yeye aliyemshtaki kwa wakubwa wa jiji kwa sababu ya mashua aliyoiegesha uani, kisha kwa sababu ya mbwa. Royce naye alilipiza kwa kukata majani kwa mashine kila Jumapili alfajiri, chini ya dirisha la bibi huyo.

Mti huo, mwaloni, ulikuwa wa Bi Verlene, lakini nusu ya matawi yake ilivuka uzio na kuutia giza ua wa Royce. Nyasi za zamani zilikufa kwa kukosa jua. Sasa alitaka kutandika bermuda, nyasi nyembamba, laini, zinazostahimili kukanyagwa; ila bermuda bila jua ni kazi bure. Sheria ilimruhusu kukata chochote kilichoingia kwake, matawi na mizizi.

"Hunizuii?" akauliza.

"Nikuzuie ya nini? Majani yake yananizibia mifereji ya paa kila mwaka, na mafundi wa miti wananikwepa. Leo nimepata kibarua wa bure. Kata, baba. Ukikauka wote, nitakushukuru."

Akavuta kiti, akaketi, akakunja nne.

Kiti kile ndicho kilichomchoma Royce. Yaani atoke jasho huku mwanamke huyu akinywa kahawa na kumsimamia? Akashuka ngazi.

"Umechoka mapema hivyo?"

"Mti wako siugusi, bibi. Naweka agustino. Zile za majani mapana, hazijali kivuli."

"Agustino ni nyasi za wavivu. Kukanyaga zile ni kama kukanyaga tambara la kudekia. Mwenye akili zake anaweka bermuda."

"Ndiyo maana siweki."

Kesho yake lori lilileta agustino zilizokunjwa pamoja na udongo wake kama mikeka. Zikilala zimekunjwa huchemka na kuoza, kwa hiyo Royce alishinda amepiga magoti. Alilowesha udongo, akakunjua kipande baada ya kipande, akavibananisha kingo kwa kingo pasibaki ufa. Bi Verlene hakunyamaza.

"Hapo umepinda."

"Nyamaza."

"Mwenzako angekuwa ameshamaliza. Tena angeyakata matawi, akapata jua lote."

Royce alicheka peke yake. Kila tusi lilimpa nguvu ya kipande kingine.

Jioni alimwagilia, akafunga bomba, akauendea uzio amtupie neno la mwisho. Barazani hapakuwa na mtu. Akachungulia kati ya mbao mbili.

Bi Verlene alikuwa amepiga magoti chini ya mwaloni, paji la uso limeegemea shina. Mkono wake ulikuwa juu ya jiwe dogo lililochongwa jina la mtoto, pale mizizi ilipoelekea uani kwa Royce.

"Tulia, mwanangu," alikuwa akiuambia udongo. "Nimemkera mpaka ameghairi."